Lucien Anaolewa

Ndugu yangu Lucien hajawahi kuiba, hajawahi kumpigia mwanamke kelele, na kwa miaka yote aliyokaa Brussels hajawahi kupanda tramu bila kulipa, jambo ambalo mimi dada yake siwezi kujiapia. Lakini mwaka jana, tangu Pasaka hadi Juni, watu wa Matonge, mtaa wetu Wakongo wa Brussels, walimtazama kama mwizi. Kosa lake lilikuwa kitenzi. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Hivyo ndivyo tulivyoyakuta maneno. Kumbe ukiwa mwanaume wa kusafisha sakafu za watu, na mchumba wako ana famasi yake mwenyewe karibu na Porte de Namur na nyumba yenye bustani kule Uccle, watu wanakugeuzia kitenzi.

"Lucien anaolewa," walisema dukani penye samaki wa chumvi. Walisema kwenye mlango wa kanisa, tena wakiwa wameshika Biblia. Jémima, msusi wangu, aliniuliza huku akinivuta nywele: "Euphrasie, ndugu yako atavaa robe ya bibi-arusi ya rangi gani?" Nilimlipa na kuondoka kichwa kikiwa kimesukwa nusu. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ila siku ile kilichonitoa kitini hakikuwa hasira peke yake. Ilikuwa hofu. Nilijua kitu ambacho Jémima hakukijua, na kama angekijua, angecheka mpaka alie.

Sisi ni watu wa Bukavu, mashariki ya Congo, wa mtaa wa Kadutu. Lucien alipokuwa na miaka kumi na saba, kazi yake duniani ilikuwa moja tu: kusema. Mtaani kwetu palikuwa na ukumbi wa video wa mbao na bati, wenye televisheni moja na jenereta moja. Filamu zilitoka China na India, zikisema lugha ambazo hakuna mtu aliyezijua. Lucien aliketi kando ya televisheni na maikrofoni mkononi, akatuambia kwa Kiswahili wale watu wanasema nini. Hakujua wanasema nini. Alibuni. Aliwapa majina ya kwetu, adui mkubwa akampa jina la mkusanya kodi, na watu wakalipa mara mbili kuona filamu ileile, maana hadithi ya Jumanne haikuwa ile ya Jumatatu. Nakumbuka mzee mmoja akimlilia askari wa Kichina ambaye, kwa akili yangu, alikuwa akiagiza chakula tu.

Vita vilipoingia mjini, mwenye ukumbi alikimbia na jenereta yake, na sisi tukakimbia bila kitu. Sitaieleza njia; aliyeipita anaijua, na asiyeipita hataniamini. Wazazi wetu hawakufika. Mimi nilitangulia Brussels, Lucien akaja baada ya miaka minne, akangoja karatasi, akazipata, akapewa ndoo. Hili la karatasi nalisema mapema ili msimdhanie vibaya: hakuhitaji ndoa ya mtu yeyote ili aishi hapa. Mimi nilisomea kazi ya kutunza wazee. Yeye alibaki na ndoo, na sauti yake ikabaki ndani ya mtu anayepiga deki saa kumi na mbili asubuhi, wakati hakuna wa kumsikia.

Lakini haikufa. Ukitembea na Lucien barabarani, anamsemea mbwa, anamsemea polisi, anawasemea mke na mume wanaogombana ndani ya gari lililofungwa vioo. Ndivyo alivyompata Rolande. Alikwenda famasi kutafuta dawa ya mgongo. Pale ukutani kuna skrini ndogo isiyotoa sauti, inaonyesha tangazo la dawa ya kikohozi: mama, mtoto, kijiko. Lucien akiwa kwenye foleni alianza kumsemea yule mama chinichini: "Kunywa, mutoto. Papa yako alilipa hii sirop, sasa hata viatu hana." Nyuma ya meza mwenye famasi aliangua kicheko mpaka akamwaga vidonge. Rolande ni mtu wa Likasi, kusini mwa Congo. Alisoma miaka mingi, alifanya kazi miaka mingi, na kwa muda wote huo, aliniambia baadaye, hakuna mwanaume aliyemchekesha bila kwanza kuuliza nyumba yake ina vyumba vingapi.

Nilimpenda siku ya kwanza. Ni mtu wa maneno machache, anavaa viatu visivyo na kisigino, na anapompenda mtu anamwandikia kwenye karatasi saa za kunywa dawa. Lucien alipokuwa naye, mgongo wake ulinyooka. Nilitaka ndoa ile kwa ajili ya ndugu yangu kuliko nilivyowahi kutaka kitu changu mwenyewe.

Baba yake Rolande alikwisha kufariki, kwa hiyo wa kuombwa alikuwa baba yake mdogo, tonton Nday. Tonton Nday ni mtu wa suti. Hata kupeleka takataka anavaa tai. Kifaransa chake kimepigwa pasi kama shati lake, na Kiswahili hukitumia kwa kusalimu tu. Ukimwuliza alifanya kazi gani miaka yake ya kwanza Ubelgiji, anajibu, "J'étais dans l'alimentation," yaani mambo ya chakula, kisha anakuuliza habari za mvua. Tuliamini alikuwa na kampuni. Alitupa orodha ya mahari kwa mwandiko mzuri: suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi, mbuzi aliyegeuzwa kuwa pesa maana mbuzi hapandi tramu, na bahasha. Bahasha yenyewe ilikuwa ya mtu mwenye kampuni. Lucien aliisoma orodha jikoni kwangu, akaikunja mara nne, akasema basi, haoi tena.

Kesho yake Rolande alinifuata kazini, kwenye nyumba ya wazee. Alinipa mfuko wa karatasi wa famasi, ule wenye msalaba wa kijani, kana kwamba ananiletea dawa ya presha, akaniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya Euphrasie, kamata hii. Lucien ataipeleka kwa tonton sawa ni yake. Nani atajua?"

"Na Lucien atakubali?"

"Weye njo utamukubalisha. Niko na trente-huit ans, yaya. Ile mwanaume wa kulipa liste ya tonton, nimemungojea, hakuyaka."

Miaka thelathini na minane, amengoja na mwanaume hakuja: sikusita hata dakika moja. Nilimsumbua Lucien wiki nzima, asubuhi kwa simu na jioni kwa chakula, mpaka akakubali huku akitazama chini. Mfuko niliuficha kwenye friza, chini ya sombe, majani yetu ya muhogo. Hiyo ndiyo siri iliyonitoa kwa Jémima mbiombio. Mahari ya Rolande ilikuwa ikitoka kwa Rolande.

Siku ya kupeleka mahari ikapangwa: Jumamosi ya pili ya Juni. Na ningalipata usingizi wangu kama isingalikuwa ile filamu.

Lucien husafisha ukumbi mmoja wa filamu pale Flagey. Asubuhi moja fundi alikuwa akijaribu filamu ya miaka mia iliyopita, ya zile zisizo na sauti, na Lucien, deki mkononi, akaanza kuisemea. Myriam, anayepanga maonyesho ya ukumbi ule, alisimama mlangoni akamsikiliza hadi mwisho bila kuelewa hata neno. Wiki ileile alimwomba aiseme mbele ya watu, Jumapili saa tisa alasiri, kwa Kiswahili, piano ikipigwa, na watu wa Matonge waalikwe. Katikati ya picha kulikuwa na maandishi ya maneno ya waigizaji, lakini nakala pekee iliyosalia ilipatikana Gent, mji wa Waflama, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kiflama. Nilifurahi mno, Lucien angebuni kama kule Kadutu. Nani kwetu anasoma Kiflama? Sisi watu wa Congo tulipofika Ubelgiji tulishika Kifaransa tulichokuja nacho, na ile lugha nyingine tukawaachia wenyewe.

Myriam alimpa Lucien tafsiri ya Kifaransa. Aliisoma ndani ya basi, na alipofika kwangu uso wake ulikuwa umekauka.

"Dada, hii filamu ni miye."

Ilikuwa ya kuchekesha. Kijana maskini amekodi koti zuri ili aoe binti wa mwenye kiwanda cha biskuti, na anachokitaka ni utajiri wa baba. Katikati ya hila yake anampenda yule binti kweli. Hapo baba anasema: kama hukufuata pesa zangu, weka zako mezani nizione. Kijana hana. Basi binti anatoa akiba yake kwenye kopo la biskuti, na wakati wa chakula anampitishia mchumba wake chini ya meza.

"Na tonton Nday atakuwa pale," Lucien alisema. "Rolande amemualika. Nitasema vile mbele ya bantu bote, watu wote wa Matonge?"

"Badilisha. Sema kijana ameuzisha saa ya marehemu papa yake."

"Na pale muzee ananusa zile pesa? Zinanuka mdalasini ya biskuti, njo anajua zimetoka kwake."

"Sema ana mafua."

Alitikisa kichwa. Nilimwuliza tangu lini ameokoka, yeye aliyewadanganya watu wa Kadutu kila siku na mara mbili siku ya soko.

"Kadutu nilibuni juu sikujua," alisema. "Hapa ninajua."

Lakini alinisikiliza. Mimi ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa akisema sana, mdogo huishia kutii. Hilo ndilo lililonila baadaye: lile wazo halikuwa lake.

Jumapili ile ukumbi ulijaa. Watu walikuja na watoto, na maandazi kwenye mifuko ambayo Myriam alijifanya haoni. Jémima alikuwepo, bila shaka, mstari wa nyuma na marafiki zake watatu. Sisi wa upande wa bwana tulipaswa kuwaheshimu wakwe, kwa hiyo mimi niliketi mstari wa pili karibu na tonton Nday, na mke wake, maman Thérèse, akaketi upande wangu wa pili. Rolande alichukua kiti cha mwisho karibu na njia, ili Lucien amwone.

Lucien alianza na sauti ya mtu anayeomba radhi. Kisha kijana wa filamu akajikwaa kwenye mkia wa koti la kukodi, na Lucien akasema, "Doudou, pole-pole, hiyo veste si yako," na ukumbi mzima ukalipuka. Hapo akaamka. Kijana akawa Doudou, binti akawa Précieuse, mzee akawa Patron Biskuti. Hata mpiga piano, Mflama wa watu asiyejua Kiswahili, alianza kufuata sauti yake. Niliona Kadutu yote imerudi, na machozi yalinitoka. Rolande alicheka akijishika mbavu.

Mkono wa Précieuse ukapita chini ya meza.

"Doudou anasema," Lucien akasema haraka, "Précieuse, ona, nimeuzisha saa ya marehemu papa. Pesa njo hii."

Watu walipiga makofi. "Bwana wa kweli!" mmoja alipaza sauti. Nilishusha pumzi, nikageuka kidogo kuona kama tonton naye amefurahi.

Midomo yake ilikuwa ikisogea.

Maandishi yalikuwa kwenye skrini, na midomo yake ilikuwa ikisogea polepole, kwa namna wazee wanavyosoma zaburi bila kutoa sauti. Maandishi yakaondoka, midomo ikafunga. Nilijiambia labda anatafuna. Nikangoja maandishi mengine. Yalipotokea, midomo ikaanza tena, kutoka kushoto kwenda kulia, neno kwa neno. Tonton Nday alikuwa anasoma Kiflama. Alikwisha kusoma nani ametoa pesa, na alikwisha kusikia ndugu yangu akisema uongo.

Nilikohoa ili Lucien anitazame. Nikakohoa tena. Maman Thérèse alinipa peremende. Lucien hakuona kitu, alikuwa akimsemea Patron Biskuti, ambaye sasa alikuwa ameinua noti hadi puani. "Huyu muzee ana mafua," alisema, na watu wakacheka, na mmoja akaitikia, "Apewe sirop!" Tonton hakucheka. Alitamka neno moja chini ya pumzi.

"Pardon, papa?" nilimwuliza, kama mjinga.

"Mdalasini," alijibu bila kunitazama.

Maji yalinifika shingoni. Njia ya mwongo ni fupi, tunawaambia watoto, lakini hatuwaambii kwamba mwongo anaweza kukaa kwenye kiti chenye mto mzuri akaona mwisho wa njia unamjia bila yeye kuweza kusogea. Niliona Jumamosi yetu imekufa. Niliona orodha ikirudishwa, na Lucien akirudi kwenye ndoo yake na jina la mwanaume aliyelishwa. Na Rolande? Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa ameacha kucheka tangu mkono upite chini ya meza. Alimtazama Lucien kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Kwenye filamu, baba alikuwa amemfukuza kijana, na binti akasimama katikati ya sebule. Kamera ikamsogelea. Uso wake ukajaa skrini nzima. Alianza kusema, akasema, akasema, na maandishi yakaja moja baada ya jingine. Lucien alifungua mdomo. Nilijua uongo aliouandaa, maana tuliuandaa pamoja: Papa, msamehe, ninamupenda. Aligeuka akamwona Rolande kwenye kiti cha mwisho, akafunga mdomo.

Mpiga piano alipiga noti mbili za wasiwasi, kisha naye akaacha. Binti aliendelea kusema bila sauti na hakuna aliyejua anasema nini. "Chauffeur amelala!" Jémima alipiga kelele kutoka nyuma. Myriam aliinuka kwenye kiti chake. Nilitaka kusimama niseme ni mimi, mwacheni, ni mimi niliyemfundisha, lakini sikusimama.

Aliyesimama ni tonton Nday. Alifunga kifungo cha koti lake kwanza.

"Imeandikwa," alisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya mashine, "imeandikwa: Papa, yeye hana kosa. Pesa ni yangu. Njo miye nilimupa."

Maandishi mengine yalikuja. Aliyangojea yatulie.

"Imeandikwa: Sikumupa juu ya kumununua. Nilimupa juu ninamutaka."

Na ya mwisho, maneno machache tu. Hapo alisita. Niliona midomo ikijaribu mara mbili kabla ya sauti kutoka.

"Imeandikwa: Ninamuoa."

Kelele zilizozuka! "Anaolewa, papa! Mwanamuke anaolewa!" Jémima alikuwa amesimama. Watu walipiga viti, watoto walishangilia bila kujua ni nini.

"Kwa Kiflama ni neno moja kwa bote babili, bwana na bibi," tonton alisema, bila haraka. "Muntu wa kutafsiri anachagua. Miye nimechagua ile."

"Na Kiflama ulijifunzia wapi?" Jémima aliuliza.

Alinyoosha tai yake. Mkewe alimshika mkono, lakini hakuwahi kumzuia.

"Kwa karoti. Miaka onze nilikata karoti ku usine, kule kwa Baflama, na tablier ya plastiki. Sasa munyamaze. Lucien, malizia kazi yako."

Miaka kumi na moja kiwandani na aproni: kumbe hiyo ndiyo ilikuwa alimentation yake. Lucien aliimalizia. Filamu iliishaje, sikumbuki.

Nje, kwenye uwanja, watu walikuwa wakijipanga kununua viazi vya kukaanga, na hakuna kati yetu aliyekuwa na njaa. Tonton alimgeukia Rolande. "Pesa ya liste ni yako?" Rolande akasema ndiyo. Tonton alitikisa kichwa, akaniangalia mimi, akamwangalia Lucien, akavaa kofia. "Samedi à quinze heures," alisema, yaani Jumamosi ileile saa tisa, akaenda kungoja tramu na mkewe. Hakusema atapokea au atakataa.

Rolande alibaki nyuma kidogo.

"Ulikuwa na maikrofoni, Lucien. Ungesema kila kitu. Na weye ukaona ni heri kumufuta ule binti?"

"Rolande, nilikuwa ninachunga heshima yako."

"Ni yangu ulikuwa unachunga?"

Aliondoka kuwafuata wazee wake. Wiki ile hakupiga simu. Lucien alikwenda kazini, akarudi, akaketi. Hakumsemea mbwa yeyote. Mimi nilichoma wali mara mbili, na kazini nilimvalisha bibi mmoja soksi za jirani yake. Nilimwomba ndugu yangu msamaha, akasema, "Mdomo ulikuwa wangu, dada." Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Jumamosi tulikwenda. Tulikuwa watu watano upande wetu, tumekaa ukutani kwa tonton Nday kwenye viti vya kuazima, na wao kumi na wawili ukuta wa pili, zulia likiwa katikati. Rolande alikuwa amevaa kitenge cha buluu, hakunitazama. Mimi nilikuwa na mfuko wa famasi. Lucien alikuwa na bahasha yake mwenyewe ambayo sikuijua: akiba yake, na malipo ya Jumapili ile kutoka kwa Myriam. Maman Thérèse aliipapasa kwa vidole viwili, akafyonya.

Tonton aliviweka vyote viwili mezani, bahasha na mfuko.

"Dot ya kujifichafichia si dot," alisema, maana mahari yeye huiita dot. "Ni contrebande, magendo. Kitu kinatolewa mbele ya bantu, na kinapokelewa mbele ya bantu. Ni ngapi, haijalishi. Hii bahasha ni ya Lucien?"

"Ndiyo, papa."

Aliivuta upande wake. Kisha, kama desturi inavyotaka, akamwuliza Rolande, maana mali ya mchumba hailiwi mpaka binti aruhusu, na anaulizwa mara tatu.

"Rolande, tukule?"

Rolande alikunja pindo la kitenge chake.

"Rolande, tukule?"

Alikuwa akimtazama Lucien moja kwa moja, na Lucien, sifa zote ziwe zake, hakuinamisha macho.

"Rolande. Tukule?"

"Mukule," alisema.

Upande wao walianza kupiga vigelegele, lakini tonton aliinua mkono. Alichukua mfuko wenye msalaba wa kijani akamkabidhi Rolande.

"Na weye, kama unaoa, oa muzuri. Peleka mbele ya bantu."

Maman Thérèse alisema, "Nday!" na wajomba wawili wakainuka nusu. Rolande alisimama. Alivuka zulia peke yake na kuuweka mfuko magotini pangu, maana kwetu hakuna baba wala mama, mzazi wa Lucien ni mimi. Karatasi ilikuwa bado na baridi ya friza. Nyumba nzima ilinitazama. Mimi niliyeuficha mfuko ule chini ya sombe nilitakiwa sasa kuupokea mchana, mbele ya watu kumi na sita.

"Muulize mutoto yako," tonton aliniambia.

Nilimgeukia ndugu yangu. Jasho lilimtoka kwenye kola. Mwanaume kuulizwa vile, mbele ya wajomba wa mke! Kesho habari ingekuwa kanisani, na Jumatatu ingekuwa kwa Jémima.

"Lucien," nilisema. "Tukule?"

Alitazama viatu vyake.

"Lucien, tukule?"

Alifungua kifungo cha kola. Nilikumbuka ukumbi ule na maikrofoni isiyosema. Rolande bado alikuwa amesimama kwenye zulia, mikono mitupu, uso umemwiva kwa aibu, na kila dakika iliyopita ilikuwa inamla yeye, si sisi. Niliomba Mungu kimoyomoyo.

"Lucien. Ndugu yangu. Tukule?"

Aliinua kichwa. "Mukule," alisema, kwa ile sauti ya Kadutu iliyokuwa inafika mpaka kwa waliosimama nje bila tikiti. "Mukule yote, dada."

Maman Thérèse alijifunika uso. Mjomba mmoja alianza kucheka, halafu wa pili. Rolande hakurudi upande wa kwao. Alikuja mpaka kwenye kiti cha kuazima alichokalia Lucien, akasimama mbele yake.

"Sogea," alimwambia, "nikae."